Miezi Sita Kwenye Sura ya Saba

Mwalimu Eliakunda hufunga tai kila Jumamosi ili kumfundisha mtu mmoja aliye karibu maili elfu tano kutoka kwake. Tai ni ile ya kanisani, ya bluu. Chini ya meza, ambako kamera haifiki, amevaa suruali ya mazoezi na kandambili. Mwenye kutaka kumcheka na amcheke sasa, maana mbele huko nafasi ya kucheka ni ndogo.

Anaishi Richfield, Minnesota, huko Marekani, ghorofa ya pili, na ndege zinazokwenda kutua hupita juu ya paa lake chini kiasi kwamba wageni huinamisha vichwa. Yeye hazisikii tena. Ni mzaliwa wa Machame, ana miaka sitini na mitatu, na kwa miaka kumi na minane amefundisha Kiingereza watu wazima katika shule moja ya wahamiaji kule Saint Paul. Vijana wa Kitanzania wanaosoma vyuo vya hapa wakikutana naye baada ya ibada humwambia, "Shikamoo, Mwalimu," naye huitikia "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Salamu kwake si jambo la mzaha. Anaamini, na hakuna atakayemtoa kwenye imani hiyo, kwamba mdogo ndiye huanza. Mkubwa hukaa akangoja kuamkiwa.

Mwanafunzi wake wa Jumamosi anaitwa Radmila. Ni muuguzi katika mji wa Ostrava, huko Ucheki, na ana miaka thelathini na saba. Niseme mapema nisije nikaonekana ninawaficha: Radmila ni binti yake.

Mwaka 1983 Eliakunda alipata ufadhili wa kwenda kusoma Chekoslovakia, enzi hizo ikiwa bado nchi moja. Alisoma lugha mwaka mmoja, kisha miaka mitano ya uhandisi wa mitambo ya nguo katika mji wa Liberec. Huko akampenda Jarmila, msichana wa maktaba ya chuo aliyekuwa akimfichia vitabu ili wengine wasiviazime kabla yake. Machi 1988 wakapata mtoto. Agosti ya mwaka uliofuata Eliakunda alirudi Tanzania. Aliandika barua kwa miaka miwili, mpaka moja ikarudi na muhuri wa posta kwamba mwenyewe amehama. Hakuandika nyingine. Kiwanda alichofanyia kazi Morogoro kikafungwa, akapata chuo Minnesota, akaja, akaoa, ndoa ikavunjika bila kuleta mtoto, akabaki na chaki yake.

Miaka ikaenda. Jarmila alipofariki, binti akakuta barua za zamani kwenye kabati la marehemu, akalitafuta lile jina mtandaoni, na jina lenyewe si la kupotea kirahisi. Picha ya mwalimu mmoja wa Saint Paul ikatokea. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa mstari mmoja: "Je, wewe ni yule Eliakunda aliyekuwa Liberec?" Eliakunda aliusoma akiwa ndani ya basi, akapitilizwa vituo vitatu, akarudi kwa miguu kwenye baridi akiwa ameshika simu mkononi bila glavu.

Ujumbe wa pili ulieleza haja. Hospitali yake ilikuwa ikichagua wauguzi wa kwenda kusomea ualimu wa uuguzi, na aliyetaka kuchaguliwa ilimpasa awe na cheti cha Kiingereza. Mtihani ulikuwa mwezi wa Mei. Kwa kuwa yeye ni mwalimu, tena anajua Kicheki, je, angekubali kumfundisha? Hakuandika neno baba. Aliandika "Bwana Mwalimu."

Angekataaje? Wakaanza Septemba, saa nne asubuhi ya Richfield, ambayo kule ni saa kumi na moja jioni. Radmila akatokea kwenye skrini akiwa bado na sare ya kazi, na paji la uso lilikuwa la mama yake Eliakunda, bibi wa Machame asiyewahi kufika Ulaya. Mwalimu akainama kujifanya anatafuta kalamu. Kicheki chake kilikuwa kimeshika kutu. Maneno aliyotumia ni ya vijana wa bweni wa mwaka 1989, ambayo leo husemwa na wazee tu. Radmila alicheka mara mbili siku hiyo, na mwalimu wetu aliishi kwa vicheko hivyo viwili wiki nzima.

Lakini kuna jambo. Wacheki wana "wewe" mbili. Moja ni ya heshima, ya benki na ya daktari. Nyingine ni ya nyumbani, ya ndugu na marafiki. Radmila alimwita kwa ile ya benki. Eliakunda naye akajibu kwa ile ya benki, akasubiri. Mtoto ataanza mwenyewe akiwa tayari, alijiambia. Mimi si wa kujiombea. Septemba ikapita, Oktoba ikapita, baba na binti wakiongea kama watu waliokutana kwenye foleni ya kulipia umeme.

Novemba wakafika sura ya saba ya kitabu. Kitabu kina sura kumi na moja.

Sura ya saba ni ya vishazi tegemezi vya kielezi, yaani kile kipande cha sentensi kinachosema lini, kwa nini, kwa sharti gani, au ingawa nini, na ambacho peke yake hakisimami mpaka kiegemee kingine. Wacheki huteswa nacho. Mcheki akitaka kusema "nitakapofika nyumbani nitakupigia," huweka wakati ujao pande zote mbili, na Mwingereza hataki. Kwake, baada ya "when," wakati ujao hauingii hata kama safari ni ya kesho. Mcheki akisema "ningekuwa na nafasi, ningekuja," huitia hiyo "ninge" yake huku na huku, na Mwingereza huipokea upande mmoja tu. Tena Mcheki huweka mkato kabla ya kila kishazi, kinauhitaji kisiuhitaji.

Eliakunda aliposahihisha zoezi la kwanza aliiweka kalamu chini. Hiyo "nitakapofika," na hiyo "ningekuwa, ningekuja," yalikuwa makosa yake mwenyewe ya shule ya msingi, makosa aliyochapiwa viboko. Kiswahili na Kicheki, lugha zisizojuana hata kwa salamu, zilikuwa zinakosea pamoja.

"Hata sisi kwetu tunasema hivyo hivyo," alimwambia Radmila.

"Kumbe? Basi si mimi tu mjinga," Radmila akasema, akatabasamu.

Mwalimu akajiona amemrithisha mtoto kitu, ingawa alijua vizuri kabisa kwamba hakumrithisha chochote.

Sasa, Eliakunda ana sheria moja darasani, na wanafunzi wake wote wa Saint Paul wanaijua: sentensi ya zoezi lazima iwe ya kweli. Hataki kusikia habari za John na mpira wake. Andika yaliyokupata. Ni sheria nzuri, imewasaidia wengi, na yeye alipoitunga hakuwa na hila yoyote.

Basi Radmila akaandika ya kweli. Alipokuwa na miaka mitano, alimeza kifungo cha koti. Kabla ya kwenda shule, mama alimchana nywele kwa maji, kwa sababu zilikuwa ngumu na kitana kilivunjika. Kila mwalimu mpya alipoingia darasani, alimtazama yeye kwanza. Ingawa aliimba vizuri, hawakumweka mstari wa mbele. Mpaka alipofika miaka kumi na miwili, aliwaambia watoto wengine kwamba baba yake ni rubani.

Eliakunda alisahihisha mkato, akasahihisha wakati, sauti yake imetulia. Baada ya somo aliivua tai, akanunua daftari la jalada gumu kwenye duka la karibu, akaanza kunakili sentensi zile kwa Kiswahili, akizipanga kwa miaka. Mwaka wa kifungo, mwaka wa kitana, mwaka wa kwaya. Ukurasa mmoja kwa mwaka mmoja. Kurasa nyingi zilikuwa tupu, na ule utupu ndio uliomnasa.

Maana ungefanyaje wewe? Sura ya nane ilikuwa ya kuandika barua rasmi, na ya tisa ya kuripoti maneno ya mtu mwingine. Ndani ya barua rasmi hakuna mtoto. Kwenye sura ya saba alikuwamo. Kwa hiyo Mwalimu Eliakunda, mtu aliyepewa cheti cha mwalimu bora mara mbili, akaanza kupiga chenga. Walipomaliza vishazi vya wakati, akasema vina namna nne. Kisha akagundua ya tano. Februari aliigawa "kwa sababu" kuwa ya sababu kubwa na ya sababu ndogo, mgawanyo ambao hakuna mwanasarufi aliyewahi kuuona chini ya jua.

"Bwana Mwalimu," Radmila aliuliza siku moja ya Machi, "sura zilizobaki tutaziwahi?"

Akamtafsiria methali: haraka haraka haina baraka. Radmila akaiandika kwenye daftari lake kwa adabu.

Mtu pekee aliyejua habari hii yote alikuwa Khalfan, Mtanga, mfamasia mstaafu wa Coon Rapids, mji usio mbali na Richfield. Wawili hawa walijuana Chekoslovakia, kwenye mwaka ule wa lugha, wakati Khalfan alikuwa akitembea na pilipili yake mfukoni kwenda nayo mkahawani. Aprili alikuja Richfield na sambusa alizofungiwa na mkewe, akaliona daftari mezani, akalifungua kabla hajakaribishwa. Alisoma kurasa tatu, akalifunga taratibu.

"Mtihani lini?"

"Wiki ya tatu ya Mei."

"Na mko sura ya ngapi?"

Eliakunda akamimina chai.

"Eliakunda! Nimekuuliza sura ya ngapi?"

"Ya saba."

"Ya saba tangu Novemba? Ndugu yangu, mtoto ana mtihani, wewe unavuna utoto wake!"

"Nitazigusa zile nyingine. Haraka haraka..."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Khalfan akamkata. "Unaogopa nini hasa? Sema."

Mara nyingine ni rahisi kusema ukweli kwa mtu anayekula sambusa. "Akifaulu, Jumamosi itakuwa imekwisha," Eliakunda akasema. "Atanishukuru, ataniaga. Alikuja kwa somo, Khalfan. Hakuja kwa mimi. Mwenyewe ananiita kwa ile wewe ya benki."

"Na wewe unamwita kwa ipi?"

"Mimi ni mkubwa. Namngoja yeye aanze."

Khalfan akaweka sambusa chini, na Khalfan si mtu wa kuweka sambusa chini. "Umekaa miaka sita katika nchi ile ukasahau? Kwa wenzetu, mkubwa ndiye anayetoa ruhusa. Mdogo akianza ni utovu wa adabu! Msimamizi wangu maabara alinijia na bia mbili siku ya kunipa ruhusa hiyo, mimi na Uislamu wangu, ikabidi nigonge glasi ya maji. Wewe umekaa Richfield unangoja shikamoo kutoka Ostrava, na yule amekaa kule anangoja baba yake afungue mlango. Mtangoja mpaka lini?"

Eliakunda hakulala mchana ule kama ilivyo desturi yake. Miezi minane! Alijiona mpumbavu, na chini ya upumbavu ule kulikuwa na furaha ndogo iliyomtia aibu: huenda mtoto hakuwa baridi, huenda alikuwa na adabu tu. Akapanga kumpa ruhusa baada ya mtihani. Kuhusu sura zilizobaki, aliruka juu juu sura ya nane katika Jumamosi mbili za mwisho, na ya tisa hawakuifungua.

Radmila alifeli. Alihitaji sitini, akapata hamsini na nne.

Alimwambia Jumamosi ya mwisho ya Mei, bila kulia, akitazama pembeni ya kamera. Vishazi alipata vyote. Barua rasmi ndiyo iliyomwangusha, na kuripoti maneno. Nafasi ya hospitali imekwenda kwa mwenzake. Nyingine itakuja baada ya miaka miwili, ikija.

"Nisamehe, Bwana Mwalimu," akasema. "Umejitahidi sana. Mimi ni mzito. Mama alikuwa akisema nina kichwa kizito kama jiwe."

Hapo ndipo ningependa kusema kwamba mwalimu wetu alisema kweli papo hapo, lakini hakusema. Alimwacha aendelee kujilaumu muda wa kutosha kabisa kwa mtu mwoga kutoroka. Angeweza kusema pole, tutaanza upya, na Jumamosi zingerudi, miaka miwili mizima ya Jumamosi. Alikiona kitu hicho kimewekwa mbele yake kama sahani. Alitamani kukila. Naye Radmila akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kitendo cha mtoto, na Eliakunda akashindwa.

"Wewe si mzito," akasema kwa Kicheki chake cha kutu. "Sura ya saba ni ya wiki tatu. Nimekuweka humo miezi sita kwa makusudi. Nilizitaka zile sentensi. Kila ulichoandika nimekinakili, ninalo daftari. Nilijua una mtihani na nikakuchelewesha. Umefeli kwa sababu yangu."

Radmila alimtazama. Kisha akauliza jambo moja, taratibu: "Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi."

Skrini ikawa nyeusi.

Jumamosi iliyofuata Eliakunda alifunga tai saa tatu na nusu, akakaa mpaka saa sita. Iliyofuata vilevile. Hakumwandikia, aliona hana haki ya kubisha hodi kwenye nyumba aliyoiibia. Khalfan alipiga simu, akajibiwa "niko salama" kwa sauti iliyomfanya asiulize zaidi. Jumamosi ya tatu Eliakunda hakufunga tai. Alikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa akatamani angalau lile neno Bwana Mwalimu. Mtu unadhani unataka mkate mzima, mpaka unyang'anywe makombo.

Jumatano adhuhuri alikuwa chumba cha kufulia, chini ya jengo, anahamisha mashuka kwenye mashine ya kukaushia. Simu ikalia kwenye mfuko wa suruali ya mazoezi. Haikuwa saa ya somo wala siku ya somo.

"Unaniudhi!" Radmila akasema, bila salamu.

Alisema kwa wewe ya nyumbani. Eliakunda akashika ukingo wa mashine.

"Wiki tatu natafuta namna ya kukugombeza kwa heshima. Haiwezekani! Lugha ile haina maneno. Na ni wewe uliyetakiwa kuanza, unajua? Kwetu mkubwa ndiye huanza."

"Kwetu mdogo ndiye huanza," Eliakunda akasema.

"Basi tungezikana tukiitana Bwana na Bibi." Alivuta pumzi. Alikuwa nje mahali fulani. Tramu ilipita nyuma yake, kisha mlango ukafungwa na kukawa kimya. "Ulitaka kunijua, si ungeniuliza? Umechukua utoto wangu wote sentensi kwa sentensi, na hukunipa yako hata moja. Nilingoja. Kila Jumamosi nilisema leo ataeleza mwenyewe. Sasa singoji. Kwa nini uliondoka?"

Jibu lilikuwapo. Eliakunda alikuwa nalo miaka thelathini na sita, amewapa watu wengi, mkewe wa zamani, mchungaji, hata Khalfan: masomo yaliisha, ufadhili ukaisha, serikali ikaniita nyumbani. Ni jibu zuri, fupi, halina kosa hata moja la sarufi. Alifungua mdomo kulitoa.

"Niliambiwa naweza kubaki mwaka mmoja," akasema badala yake. "Profesa alinipa barua. Mama yako hakuiona kamwe. Niliichana."

Akavuta shuka moja kutoka kwenye mashine ya kufulia, akabaki amelishika.

"Nilikuwa nakusukuma kwenye kigari asubuhi, nakupeleka kwa bibi yako, na njia nzima watu waligeuka kututazama. Wengine walicheka, wengine walisema maneno. Nilichoka kutazamwa. Nikajiambia nakwenda kupumzika nyumbani kidogo, halafu nitarudi. Basi. Hakuna kingine."

"Ulichoka kutazamwa," Radmila akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniachia mimi."

"Ndiyo," Eliakunda akasema. "Nilikuachia wewe."

Mwanamke mmoja wa ghorofa ya kwanza aliingia na kikapu, akamwona mzee wa watu amesimama na shuka lenye maji limemlowesha kandambili, akatoka tena. Eliakunda alingoja simu ikatike. Aliona inastahili kukatika, na alikwisha kuanza kujizoeza. Alichosikia ni kiti kikivutwa, huko Ostrava, na mtu akikaa kwa uzito wa siku nzima ya kazi.

"Endelea," binti yake akasema. "Leo siendi popote."